Mfuko wa majimbo: Philadelphia 1787, Kitale 1962

Kila msimu wa siasa ukikaribia hapa Pwani, neno majimbo hutolewa kabatini, likapanguswa vumbi, likapandishwa jukwaani. Na barazani hakosi mtu wa kusema, "Mbona Marekani wana majimbo hamsini na hawavunjiki?" Swali ni zuri, ila mara nyingi anayeuliza hangoji jibu. Mimi si wakili, elimu yangu ni ya diploma, na mambo ya katiba nimeyafuata kwa kuyapenda tu. Leo nataka kulijibu swali hilo kwa kupitia mji ambao Wapwani wengi tunaujua kwa mahindi peke yake, nao ni Kitale.

Kitale ndio makao makuu ya Trans Nzoia. Ukipanda matatu hapo ukashika njia ya Webuye, unapita Kiminini, na ukifika Kamukuywa ushaingia Bungoma. Huoni ukuta wala kizuizi. Mahindi ni yale yale pande zote mbili, na Kibukusu unakisikia huku na huku. Lakini mstari huo usioonekana ulikuwa mpaka wa majimbo mawili, Bonde la Ufa na Magharibi, na kati ya 1962 na 1964 mstari huo ulichangia kukiua chama kilichokuwa kikitetea majimbo. Chama hicho kilikuwa KADU, na kiongozi wake alikuwa wetu, marehemu Ronald Ngala.

Kabla ya kufika huko, tutazame kwanza walivyofanya Wamarekani, kwa sababu watu hudhani walianza na mpango kamili. Hawakuanza hivyo.

Makoloni kumi na matatu yaliyomwasi Mwingereza yalikuwa kila moja na serikali yake, bunge lake na mahakama zake. Mkataba wao wa kwanza wa kuungana, ulioanza kutumika 1781, uliipa serikali ya pamoja kazi nyingi na kuinyima jambo moja, uwezo wa kutoza kodi. Ilikuwa ikiandika barua kuyaomba majimbo pesa. Jimbo likitaka hutoa, lisipotaka hunyamaza. Askari waliopigana vita vya uhuru walikaa bila mishahara, madeni ya nje hayakulipika, na kuubadilisha mkataba wenyewe kulihitaji majimbo yote kumi na matatu yakubali kwa pamoja. Jimbo moja likikataa, basi. Mwishoni mwa 1786 wakulima wa Massachusetts waliolemewa na madeni na kodi walishika silaha, na serikali ya pamoja haikuwa na jeshi la kupeleka.

Ndipo wajumbe wakakutana Philadelphia kuanzia Mei hadi Septemba 1787. Walichokiandika hapo kinaweza kuelezwa kwa maneno machache. Serikali kuu ilipewa orodha ya kazi zake, ikiwemo kutoza kodi, kusimamia biashara baina ya majimbo, na vita. Kisichokuwa katika orodha kilibaki kwa majimbo na kwa wananchi, na jambo hilo likaandikwa wazi katika marekebisho ya kumi ya mwaka 1791. Sheria za serikali kuu zilizo ndani ya katiba zinapita za majimbo. Bunge likawa na nyumba mbili. Katika moja, jimbo lenye watu wengi lina viti vingi. Katika Seneti kila jimbo lina viti viwili, liwe kubwa au dogo. Maafikiano hayo ya Seneti yalikuwa bei ya majimbo madogo kukubali kuingia. Na katiba yenyewe haibadiliki mpaka theluthi mbili ya kila nyumba ya bunge na robo tatu ya majimbo yakubali. Kwa majimbo hamsini ya leo, hayo ni majimbo 38.

Kisha ikaja mahakama. Mwaka 1803 Mahakama ya Juu ilijipa kazi ya kuitangaza sheria ya bunge kuwa batili ikipingana na katiba. Mwaka 1819 ikaja kesi ya Maryland, jimbo lililotaka kuitoza kodi benki ya serikali kuu. Mahakama ikasema haiwezekani, kwani anayeweza kukutoza kodi anaweza kukumaliza. Kesi hiyo ni kama miwani, ukiivaa utaona mengi yaliyotokea kwetu.

Kwa sababu hebu tazama tofauti. Marekani iliyokaribia kufa njaa ilikuwa serikali kuu, na walionyima walikuwa majimbo. Kenya ikawa kinyume. Walionyimwa walikuwa majimbo, na aliyenyima alikuwa Nairobi. Ugonjwa ni mmoja, wa mfuko, ila mgonjwa amebadilika.

Turudi kwetu. KADU iliundwa 1960 na viongozi wa jamii zilizoogopa kumezwa na jamii kubwa zilizokuwa ndani ya KANU. Ngala kutoka Pwani, Masinde Muliro, mtoto wa Bungoma, na Daniel arap Moi wa Bonde la Ufa ndio walikuwa nguzo zake. Katika mkutano wa pili wa Lancaster House, London, mwanzoni mwa 1962, walisimama kidete kwamba bila majimbo hakuna makubaliano, na wakayapata. Mshauri wao mkubwa wa sheria alitoka Uswisi. Mmarekani tuliyekuwa naye katika safari ya katiba alikuwa na kazi nyingine. Thurgood Marshall, wakili Mweusi aliyeshinda kesi ya 1954 ya kupinga shule za ubaguzi kwao, aliletwa 1960 na wajumbe Waafrika kuwasaidia kuandika haki za binadamu. Baadaye, 1967, akawa jaji wa kwanza Mweusi wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Nitamrudia.

Majimbo yakishakubaliwa, lazima uchore mipaka. Hapo ndipo tofauti ya pili na Marekani inapotokea. Virginia na Massachusetts zilikuwako kabla ya Marekani. Hakuna aliyekaa ofisini na rula kuzigawa. Kenya ilikuwa koloni moja linaloendeshwa kutoka Nairobi, na majimbo yake yalikuwa ya kukatwa kama andazi. Tume ya Mipaka ikazunguka nchi mwaka huo wa 1962 ikisikiliza kila kabila likisema linataka kukaa na nani. Waluhya walitaka jimbo lao na wakalipata, likaitwa Magharibi, likatolewa ubavuni mwa Nyanza. Lakini Trans Nzoia na mji wake wa Kitale ikawekwa Bonde la Ufa.

Muliro hakukubali. Kwa Wabukusu, Trans Nzoia ni ardhi ya mababu iliyochukuliwa na walowezi, na wengi walikuwa wakiishi pale kama wafanyakazi wa mashamba ya wazungu. Alitaka Kitale iingie Magharibi, tena iwe ndiyo makao makuu ya jimbo. Moi na viongozi wa Kalenjin wakasema Kitale haitoki Bonde la Ufa. Wasabaoti na Wapokot nao wana madai yao ya zamani juu ya ardhi ile ile, na mpaka leo ukikaa Kitale utasikia historia tatu za shamba moja, kila moja inasimuliwa na mtu asiye na shaka hata chembe.

Kwa hivyo wakati KANU inajipanga, viongozi wa juu wa chama cha majimbo walikuwa wanashikana mashati juu ya mji mmoja. Kitale haikuhamishwa, na jimbo la Magharibi likawa na makao Kakamega.

Serikali ya ndani ilianza tarehe 1 Juni 1963, KANU ikiwa imeshinda uchaguzi. Kwenye karatasi majimbo yalikuwa na ulinzi mkali kupita hata wa Marekani. Kulikuwa na mabaraza saba ya majimbo, Ngala akiwa rais wa baraza la Pwani na Moi wa Bonde la Ufa. Kulikuwa na Seneti ya watu 41. Kubadilisha vifungu vya majimbo kulihitaji asilimia 75 ya Baraza la Wawakilishi na asilimia 90 ya Seneti. Fanya hesabu, maseneta watano wakikataa, hakuna kinachobadilika.

Na bado kufuli hilo halikulinda kitu. Halikuvunjwa, liliachwa na wenyewe. Serikali ya Kenyatta haikuhitaji kubadilisha katiba siku ya kwanza, ilichelewesha tu kuyakabidhi majimbo kazi zake na ikawa ngumu wa kutoa pesa. Baraza la jimbo likawa na rais, lina viti, lina katiba, halina cha kuwapa watu wake. Mbunge wa KADU akirudi nyumbani anaulizwa barabara, hana jibu, wakati jirani yake wa KANU ana waziri wa kumpigia simu. Mmoja mmoja wakaanza kuvuka. Tarehe 10 Novemba 1964 Ngala alisimama bungeni akatangaza KADU imevunjwa. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Desemba, Kenya ikawa jamhuri na majimbo yakabaki jina. Mwaka 1965 zile asilimia 90 zikashushwa hadi 65. Mwaka 1966 Seneti ikaunganishwa na baraza la chini, na ili maseneta wasipate tabu ya kutafuta kazi, viti 41 vipya vikaongezwa bungeni, vikafika 158. Walijipigia kura ya kufa huku wameshikilia kiti kingine. Mwaka 1968 mabaki yakafagiliwa, na nchi ikaachiwa wakuu wa mikoa wanaoteuliwa na Rais.

Sisi Waislamu wa Pwani tuna hesabu yetu katika mambo hayo. Oktoba 1963, ule ukanda wa maili kumi uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar ulipotolewa kwa Kenya, Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, waliandikiana barua. Ndani yake mlikuwa na uhuru wa dini, mahakama za kadhi, hati za ardhi kutambuliwa, watoto wa Kiislamu kusomeshwa Kiarabu, na maafisa wa utawala katika sehemu zenye Waislamu wengi wawe Waislamu kadiri itakavyowezekana. Jiulize ni lipi kati ya hayo lililo imara mpaka leo. Mahakama ya kadhi ipo, iliingia katika katiba ya uhuru na leo ni kifungu cha 170. Hilo la maafisa wa utawala lilibaki kwenye barua, na barua haiwezi kumshitaki mtu. Nadhani pia kadhi alisalimika kwa kuwa hakuwa anadai sehemu kubwa ya hazina. Jimbo lilikuwa linadai.

Sasa, je, katiba ya 2010 imetupa Marekani? Hapana, na wanaosema tuna shirikisho wanakosea. Jimbo la Marekani lina katiba yake, mahakama zake, polisi wake, na Rais wa Marekani hawezi kulivunja. Kaunti haina hata kimoja cha hivyo. Rais wa Kenya anaweza kuisimamisha serikali ya kaunti kwa kufuata kifungu cha 192, baada ya tume kuchunguza na Seneti kuidhinisha. Karibu itokee Makueni mwaka 2015, ila Rais alikataa kufuata pendekezo la tume. Tulichonacho ni ugatuzi. Serikali za ngazi mbili ndani ya dola moja, zenye kazi zilizoandikwa katika Jedwali la Nne.

Lakini walioandika 2010 walikuwa wamesoma yaliyompata Ngala. Mfuko umewekwa ndani ya katiba. Kaunti zote kwa pamoja zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na kifungu cha 219 kinasema mgao upelekwe bila kuchelewa na bila kukatwa. Kuigusa misingi ya ugatuzi lazima mwende kwa wananchi kura ya maoni, na katika angalau nusu ya kaunti, yaani 24, asilimia 20 ya waliojiandikisha wajitokeze kupiga kura. Wabunge peke yao hawawezi tena kumaliza jambo hili kwa kuongezewa viti.

Sasa ukitaka kuona linavyofanya kazi na linavyokwama, nenda huko huko mpakani. Nilipokuwa Bungoma nilikaa na mzee mmoja mkulima, nikamuuliza kaunti imemsaidia nini.

"Zahanati iko karibu sasa," akaniambia. "Zamani tulibeba mgonjwa kwa baiskeli."

"Na mbolea, mzee?"

Akacheka. "Kijana wangu, mbolea ni ya nani? Nikienda kwa gavana ananiambia ni Nairobi. Nikimuuliza mbunge ananiambia kilimo ni kaunti."

Na wote wawili wana ukweli nusu. Jedwali la Nne linasema kilimo ni kazi ya kaunti, na sera ya kilimo ni ya serikali kuu. Mbolea ya ruzuku, ambayo tangu 2023 huuzwa shilingi 2,500 kwa gunia la kilo 50, ni mpango wa serikali kuu, na wakulima wengi wanaichukua kwenye maghala ya Bodi ya Nafaka na Mazao. Mwaka 2024 mbolea bandia ilipopatikana ndani ya mpango huo, mkulima wa Kitale alipanda mchanga kwa makosa ambayo gavana wake hakuwa na mkono ndani yake. Katika nchi yenye serikali mbili juu ya mtu mmoja, kujua nani wa kulaumiwa ni nusu ya haki yako.

Nusu nyingine ni kuwa na aliye karibu wa kumlaumu. Bungoma mnaikumbuka kwa wilbaro. Mwaka 2015 kaunti iliandika imenunua wilbaro kumi kwa shilingi 109,320 kila moja. Nchi nzima ilicheka, na maadui wa ugatuzi wakasema mnaona, wizi umegatuliwa. Mimi nililisoma tofauti. Wilbaro hizo zilionekana. Mtu wa Bungoma anajua bei ya wilbaro dukani, akahesabu mwenyewe. Bei za vitu vilivyonunuliwa Nairobi wakati wa wakuu wa mikoa tulizijulia wapi? Na gavana wa wakati huo, Kenneth Lusaka, aliondolewa kwa kura 2017, akaenda kuwa Spika wa Seneti, na 2022 watu wale wale wakamrudisha. Hilo ni lao, si letu.

Kitale nayo imefika mahali ambapo wazee wa 1962 hawakutarajia. Mpaka haukusogea. Lakini magavana wote wawili wa Trans Nzoia tangu 2013, Patrick Khaemba na sasa George Natembeya, ni wa jamii ya Waluhya. Alichokitaka Muliro kwa ramani kimekuja kwa sanduku la kura. Na Natembeya kabla ya kugombea alikuwa kamishna wa Bonde la Ufa, kazi iliyorithi kiti cha mkuu wa mkoa. Mtu aliyekuwa jicho la Rais sasa ndiye anayelalamika kwamba pesa za kaunti zimechelewa.

Hapo namrudia Thurgood Marshall, kwa sababu kuna upande wa majimbo ambao washabiki wake hapa kwetu hawapendi kuutaja. Kwao Marekani, haki za majimbo ndiyo iliyokuwa ngao ya watumwa kubaki watumwa, na baadaye ya kuwazuia watoto Weusi wasiingie shule. Mwaka 1957 gavana wa Arkansas alipowafungia mlango wanafunzi tisa Weusi mjini Little Rock, ilibidi Rais Eisenhower apeleke wanajeshi. James Madison, mmoja wa waliobuni katiba ile, alikuwa ametahadharisha mapema kwamba katika eneo dogo ni rahisi kundi moja kuwakandamiza wengine, kuliko katika nchi pana yenye makundi mengi.

Ipeleke hoja hiyo Bungoma. Wasabaoti wa Mlima Elgon ni wachache ndani ya kaunti yenye Wabukusu wengi. Mlima huo uliona damu 2006 hadi 2008, wakati wa kundi la SLDF na operesheni ya jeshi iliyofuata, na chanzo kilikuwa ugawaji wa ardhi ya Chebyuk. Halafu ipeleke Likoni mwaka 1997, ambapo neno majimbo liligeuzwa kuwa amri ya kuwafukuza watu wa bara. Mswahili anayetaka jimbo la Pwani ajiulize atakuwa wangapi ndani yake. Mimi napendelea kaunti yenye pesa kamili kuliko jimbo lenye bendera.

Pesa kamili bado hatunazo. Kile kiwango cha asilimia 15 hupigwa juu ya mapato yaliyokaguliwa na kupitishwa na bunge, ambayo huwa ya miaka ya nyuma, kwa hivyo huonekana kikubwa kuliko kilivyo. Mwaka 2020 maseneta walivutana miezi kadhaa juu ya fomyula ya kugawana, mpaka watatu wakakamatwa na polisi Agosti, na mwisho walikubaliana kwa sharti la mgao kuongezwa kutoka shilingi bilioni 316.5 hadi bilioni 370 mwaka uliofuata. Kodi za kaunti zenyewe ni za mali na za burudani, nyingine mpaka sheria ya bunge iruhusu. Hata Marekani mambo haya yapo. Mwaka 1984 bunge lao lilitaka umri wa kununua pombe uwe miaka 21 nchi nzima, kazi ambayo ni ya majimbo, likasema jimbo litakalokataa litakatwa sehemu ya pesa za barabara. Yote yakakubali.

Na kuna kazi ambazo tumepewa kwa maandishi na hatujazidai. Msomaji akitaka mfano, afungue Jedwali la Nne, sehemu ya pili, namba tano. Katika kazi za kaunti mna feri na bandari, isipokuwa usimamizi wa meli za kitaifa na kimataifa. Feri za Likoni hazikukabidhiwa kaunti. Kwanza zilikuwa za shirika la serikali kuu, na shirika hilo lilipoondolewa, feri zikapelekwa kwa Mamlaka ya Bandari, ambayo ni ya serikali kuu vile vile. Maneno hayo yako katika katiba tangu tarehe 27 Agosti 2010.